Mwaka wa Visubi

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu kwamba moshi wa mavi ya ng'ombe ni uchafu, siwezi kunyamaza. Nimekulia ndani ya moshi huo. Kwetu, upande wa Kinyangiri, tulikaa nyumba za tembe, zenye paa bapa la udongo ambalo mama aliweza kuanikia mtama, na ng'ombe walilala humohumo ndani, tumetenganishwa nao na ukuta mmoja tu. Jioni wanawake walirundika mavi makavu karibu na mlango wa ng'ombe, wakapachika kaa la moto, na moshi ukafuka taratibu mpaka alfajiri. Macho yalituwasha, nguo zetu zilinuka, na kukohoa tulikohoa sana. Lakini mbu na visubi hawakuingia. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akatueleza moshi ule ni wa nini. Ilikuwa kazi ya jioni tu, sawa na kufungia kuku.

Nilipoolewa niliikuta kazi hiyohiyo kwa wakwe zangu. Kitu ambacho sikukipata kwao wala kwetu ni mtoto. Miaka ilipita tumbo halishiki kitu. Ndugu wa mume wangu walikuwa na adabu, hawakunisema usoni, ila kila penye sherehe walinipa kazi ya kubeba watoto wa watu, eti nizoee. Nizoee nini? Nilikuwa nawabeba huku nimenuna.

Kisha dada yangu mkubwa, aliyeolewa upande wa Shelui, akajifungua mtoto wa kiume, na hata kabla kitovu hakijakauka, akafariki. Tulimzika. Pale msibani kichanga kililia mpaka sauti ikakauka, maana ng'ombe wa kwao wote walikuwa hawana maziwa kwa ukame. Kwetu kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye paji jeupe, ametoka kuzaa. Basi wazee wakakaa, wakakubaliana nimchukue mtoto. Mama yake shemeji, bibi wa yule mtoto, akanishika mkono akaniambia, "Mchukue. Lakini nisikilize vizuri. Huyu ni wa ukoo huu. Anakuja kwako kwa ajili ya maziwa. Siku maziwa yakikatika, tunakuja kumchukua."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Siku ile wangeniambia nibebe jiwe kichwani mpaka nyumbani, ningelibeba.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa sasa hawalijui. Kwetu wakati ule mkwe wa kike hakusemezana na baba mkwe uso kwa uso. Nikiwa na neno, nilimwambia mama mkwe, naye akamwambia mumewe, hata kama sote watatu tuko kwenye ua mmoja na baba anasikia kila ninachosema. Naye alijibu kwa njia hiyohiyo. Siku niliyofika na mtoto mgongoni, baba mkwe alimtazama mkewe akasema, "Mwambie mwanangu, yule mwekundu ni wa mtoto. Asikamuliwe kwa jambo lingine lolote." Mama mkwe akanigeukia akaniambia. Nikalia palepale. Alikuwa mzee mwema sana, na nasema hivyo mapema kwa sababu mbele huko mtamkasirikia.

Mtoto akanenepa. Asubuhi nilikamua, nikachemsha, nikazimua kwa maji, nikamnywesha kwa kijiko kidogo huku nikimwimbia upuuzi wowote unaonijia kichwani. Akaota jino. Akaanza kukaa. Kisha akaanza kusema "mama." Sijui kama alikuwa ananiita au anachezea ulimi wake tu, lakini mimi niliitika. Kila mara niliitika. Mume wangu alinicheka, akasema, "Mwanamke huyu, hata kuku akilia ataitika."

Ndipo ikaja amri ya serikali ya kuhamia kijijini.

Sitasema yote yalikuwa mabaya. Shule ilikuja, zahanati ilikuja, na mimi mwenyewe nilijifunza kusoma vizuri kwenye darasa la watu wazima chini ya paa la bati la kijiji hicho. Lakini kuhama kwenyewe kulikuwa kugumu. Tulitolewa kwenye mwinuko wetu tukapangwa kwenye mistari, karibu na barabara, chini kule penye tambarare inayopakana na mbuga, bonde linalotuama maji wakati wa mvua. Waliokaidi waliezuliwa nyumba. Viongozi walitutangazia kwamba kulala nyumba moja na ng'ombe ni ushamba, kwa hiyo mifugo itakaa zizi moja la pamoja, kule chini karibu na maji, ndani ya ua wa miiba.

Mama mkwe akanyoosha mkono mkutanoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Akauliza, "Na moshi?"

Katibu wa kijiji akamwambia, "Mama, moshi ni wa jikoni." Watu wakacheka, hata wanawake waliokuwa wakiwasha moto huo kila jioni ya maisha yao. Nami nilitabasamu. Mama mkwe akakaa, akafunga mdomo. Zizi likajengwa, ng'ombe wa kila mtu wakaingia humo, na kwa kuwa lilikuwa la wote, hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeona moto wa kule ni kazi yake.

Mwaka huo mvua ilinyesha kama imetumwa. Mbuga ikajaa, maji yakasimama kwenye kila alama ya kwato. Na visubi wakatokea. Nani asiyewajua? Vidudu vidogo mno, ukivishika havijai hata kwenye ukucha, lakini vikiuma unaweza kujichana ngozi. Vilijazana kwenye masikio ya ng'ombe, kwenye tumbo, kwenye kiwele. Jioni tulisikia zizi zima likipiga kwato chini. Mbu nao walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa nyumba yetu mpya, akatazama kule chini, akasema peke yake, "Haya. Moshi ni wa jikoni."

Asubuhi moja nilishuka na kibuyu changu kwenda kukamua. Nikamkuta yule mwekundu amesimama anatetemeka, manyoya yamesimama. Nilipomsukuma asogee, akachechemea mguu wa mbele. Baada ya muda kidogo akawa anachechemea wa nyuma. Machozi yanamtoka, mate yanamning'inia mdomoni mpaka chini. Nilikamua nikapata maziwa ya kufunika sehemu ya chini tu ya kibuyu. Jua lilipopanda akalala, akakunja shingo, kichwa akakilaza ubavuni. Nikamwita, nikampiga makofi, nikamvuta mkia. Wapi! Jirani yetu, mwanamke wa nyumba ya pili, naye ng'ombe wake alikuwa amelala vilevile hatua chache kutoka pale.

Nilikuwa namtazama ng'ombe lakini nilichokuwa nakiona ni mkono wa yule bibi wa Shelui umenishika.

Sisi tulijua jambo moja kuhusu ugonjwa wa ng'ombe, nalo ni kupe. Bwana mifugo alikuwa ametufundisha mara nyingi: kupe ndiye analeta ndigana, na ng'ombe wa ndigana akishalala haamki. Hata mimi niliweza kulikariri hilo. Kwa hiyo wanaume walipomwona amelala, hawakuwa na swali. Mume wangu akachukua baiskeli kwenda kumtafuta huyo bwana mifugo, na mto ulikuwa umefurika, kwa hiyo huko alikokwenda alikwama.

Mama mkwe alichemsha majani aliyoyajua, akambana ng'ombe taya, akammiminia. Dawa haikushuka. Ilitokea puani, na ng'ombe akaanza kukoroma kifuani kwa namna mbaya sana. Baba mkwe aliposikia mkoromo ule akageuza uso. Akamtuma mtu amwite mchinjaji.

Kijijini kwetu tulichanganyika, Wakristo na Waislamu, na ili nyama iliwe na kila nyumba, mchinjaji alikuwa Mwislamu siku zote. Alikuwa mzee mpole mwenye kofia iliyofifia. Alikuja na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa. Alitaka kumuwahi ng'ombe akiwa bado anapumua, maana akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Watu walishaanza kujikusanya na vyombo.

Nilikuwa nimechuchumaa kichwani pa ng'ombe, mtoto mgongoni, nikimfukuzia visubi machoni. Nikamwambia mama mkwe, "Mwambie baba, ng'ombe huyu hachinjwi. Mwambie akimchinja huyu amenichinjia mtoto. Mwambie angoje mwanawe arudi."

Mama mkwe akakohoa. Akamgeukia mumewe, akasema, "Mzee, mkwe anaomba, kama haitakuwa usumbufu, tungoje kidogo."

"Sikusema hivyo!" nikasema.

Baba mkwe alikuwa ananisikia. Angewezaje kutonisikia? Alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona vumbi kwenye kucha za miguu yake. Akamtazama mkewe, akasema, "Mwambie mwanangu, tukingoja tutakuwa na kibudu. Hapo mtoto atakosa maziwa, na nyama ataikosa."

"Mwambie mtoto hana meno ya nyama!"

Mama mkwe akasema, "Anasema amesikia, lakini ana huzuni."

Jamani! Nilimwona huyu mama anayachukua maneno yangu, anayachuja, anapitisha maji tu. Nikasimama. Nikamtazama baba mkwe usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoolewa, nikapaza sauti, "Baba, nakuomba, ngoja mpaka kesho!"

Mchinjaji akainamisha kichwa. Baba mkwe alifumba macho kwa aibu, aibu yangu, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mwondoe mkwe. Uchungu umempanda kichwani." Wanawake wawili wakanishika mikono, wakanipandisha nyumbani. Kama ningesema kwa upole labda angengoja, labda asingengoja. Sijutii kusema. Ninachojutia ni kwamba hapakuwa na njia nyingine ya neno langu kumfikia.

Wakachinja. Nilisikia pale nyumbani nilipokaa, maana watu wanapochinja hupaza sauti zao wakigawana kazi.

Walipomaliza wakamwendea yule jirani. "Na huyu wako? Kisu kiko tayari." Mumewe alikuwa amekwenda Singida Mjini kutafuta chumvi na kitambaa. Yeye akajifunga kanga vizuri akawajibu, "Ng'ombe si wangu. Mwenyewe hayupo. Akirudi akakuta ngozi, mtamweleza ninyi?" Wakambembeleza, akakataa. Wakamcheka, wakamwambia atakula kibudu peke yake. Akasema, "Nitakula," akachukua jembe akaenda shamba. Hakujua lolote kuhusu ugonjwa ule. Alimwogopa mumewe, basi.

Kwetu kililetwa kifungu cha ini, heshima kwa mama wa mtoto. Sikukigusa. Nyama iliyobaki ilikatwa vipande virefu ikaanikwa kwenye kamba, kati ya nyumba na jiko. Mume wangu alirudi amelowa matope mpaka kiunoni, akaiona kamba ile, akakaa chini bila kuuliza.

Ng'ombe wa jirani aliendelea kulala. Wengine kijijini wakalala. Siku hazikupita nyingi, nikiwa nimekaa mlangoni namnywesha mtoto uji mtupu, nikasikia kwato. Nikainua macho. Yule ng'ombe wa jirani alikuwa anakuja anatembea. Anachechemea kidogo, mbavu zimetokeza, lakini anatembea. Akapita mbele ya nyumba yetu, akasimama chini ya kamba ya nyama ya mwenzake, akanyoosha shingo akaanza kula nyasi za paa la jiko letu. Nikashindwa hata kumfukuza.

Mama mkwe akatoka nje. Kisha baba mkwe. Tukasimama wote tukimtazama ng'ombe anayekula. Baba mkwe akakaa kwenye kigoda, akaweka fimbo chini, na akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aligeuka akanitazama mimi mwenyewe, akasema, "Mwanangu, sikujua."

Alinisemesha mwenyewe, mzee yule. Alivunja mila kwa ajili yangu. Lakini mimi bado nilikuwa na hasira. Nikamgeukia mama mkwe nikamwambia, "Mwambie baba nimesikia."

Na safari hiyo mama mkwe alilipeleka neno langu kama lilivyo.

Karibu wote waliolala waliinuka. Maji yalipopungua mtoni bwana mifugo akafika na pikipiki yake, akaitisha mkutano. Alisema ugonjwa ule hauhusiani na kupe hata kidogo. Ni virusi, vidudu visivyoonekana kwa macho, na wanaovibeba ni mbu na visubi: wananyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, wakienda kwa mzima wanamwachia. Dawa yake hakuna. Ng'ombe huanguka ghafla, hasa mnene na mwenye maziwa mengi, hulala kidogo, kisha wengi huinuka wenyewe. Anachohitaji ni kivuli, maji karibu yake, na kugeuzwa ubavu. Wala asimiminiwe kitu mdomoni, kwa sababu koo huwa limelegea na dawa inaingia kwenye mapafu. Mama mkwe aliposikia hilo la mwisho akajifunika uso kwa kanga.

Bwana mifugo akauliza, "Nani aliwaambia kila anayelala anakufa?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Wewe, bwana. Ulituambia kupe."

Hakubisha. Alijifuta jasho, akasema ni kweli, alifundisha ugonjwa uliokuwa unaua zaidi, hakufikiria huu ungefika. Ndipo mama mkwe akafunua uso, akauliza swali lake lilelile, "Na moshi?"

"Moshi ni mzuri, mama. Unawafukuza."

Mama mkwe akasimama, akatoka mkutanoni bila kuaga. Jioni hiyo alishuka zizini na karai la mavi makavu na kaa kwenye kigae. Tuliokuwa tumecheka tulimfuata na makarai yetu, na hakuna kiongozi aliyetukataza.

Lakini mtoto alikuwa anakonda. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na kikombe. Watu hawakuninyima, hawakuwa na maziwa. Ng'ombe walioinuka walikuwa hawajarudisha maziwa. Mbuzi tuliokuwa nao walikuwa madume. Mume wangu alisafiri mpaka Singida Mjini kutafuta maziwa ya kopo kwenye maduka ya Wahindi, na mwenye duka akamwonyesha rafu tupu, akampa pole na pipi za mtoto. Nilizitazama pipi zile nikacheka kwa uchungu.

Habari zikafika Shelui. Habari za namna hiyo zina miguu. Shemeji alikuja na mama yake. Walikuja kwa heshima, tukawapa maji, tukawapikia. Shemeji alikuwa ameoa tena, kwao mvua ilikuwa imeleta majani, na ng'ombe wao walikuwa wamezaa. Yule bibi alimpokea mtoto kutoka mgongoni mwangu, akampapasa mbavu, kisha akaniuliza bila ukali, "Tulisemaje, binti yangu?"

Nikajibu, "Tulisema maziwa yakikatika."

Nilimfunga kwenye kanga yangu mpya ili aende na kitu changu. Alianza kulia walipofika barabarani, akawa anaita "mama, mama," na safari hiyo nilijua kabisa ananiita. Mume wangu alinishika mabega. Nikaitika nikiwa ndani ya nyumba, kwa sauti ambayo hakuweza kuisikia.

Haikuchukua muda, jirani akaja na kikombe kimefunikwa kwa sahani. Alikuwa amekaa shambani kwa mama yake akipalilia, hakuwa na habari. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Ng'ombe ameanza kuachia," akasema. "Haya ya mtoto." Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Alipoondoka niliyanywa mwenyewe nimesimama mlangoni, maana maziwa hayamwagwi.

Sikujaliwa kuzaa. Mpaka anakufa, baba mkwe alisemezana nami uso kwa uso, maana baada ya mwaka ule mila ile ilifia kwenye ua wetu, na nilipolainika tulicheka mambo mengi pamoja, isipokuwa hilo moja.

Mtoto alikuja kunitembelea akiwa mtu mzima mwenye ndevu, na mke, na mtoto wake wa kwanza mgongoni kwa mkewe. Ilikuwa jioni. Nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kizizi changu cha ng'ombe wawili, nimeinama napuliza mavi makavu yashike moto. Akaja akikohoa, akipunga moshi kwa mkono.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Ndivyo anavyopaswa kuniita. Dada ya mama yake ni mama yake mdogo, na walimlea vizuri, walimfundisha kila ndugu na jina lake. Lakini nilibaki nimeinama, macho yamejaa maji, na moshi ulinisaidia. Akadhani masikio yangu yamechoka kwa uzee. Akasogea, akainama karibu yangu, akarudia kwa sauti zaidi, "Mama mdogo!"

Nikaitika.